MAZUNGUMZO YA JUMA: NENO MOJA BARABARANI

Kijana mmoja wa shule ameniandikia barua ya adabu sana akiniuliza swali hili: "Bwana, katika miaka miwili uliyokaa ng'ambo kwa masomo, ni fundisho gani kubwa ulilolipata?" Nadhani alitarajia nimtajie kitabu, au hotuba ya profesa fulani. Ningependa kumjibu hivyo, maana jibu la namna hiyo lingenipa heshima. Lakini kweli ni kwamba fundisho langu kubwa sikulipata darasani. Nililipata siku ya Jumamosi, ndani ya motakaa ya kukodi, na nililipata kwa aibu.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 2016. Nilikuwa mjini Melbourne, katika nchi ya Australia, nikisomea utunzaji wa kumbukumbu za Serikali kwa ruhusa ya mwajiri wangu. Wakati huo kwetu ni mwezi wa jua, lakini kule ni majira ya kuchipua, na upepo utokao Bahari ya Kusini hupenya hata koti zito. Mtihani mmoja ulikuwa umekwisha, na mwingine ulikuwa bado, basi wanafunzi watano tulipatana kukodi motakaa na kwenda kuiona ile barabara ya pwani iitwayo Great Ocean Road. Mpango wetu ulikuwa kulala njiani usiku mmoja na kurudi Jumapili jioni.

Acheni niwajulishe wenzangu. Dereva wetu alikuwa mhandisi wa maji kutoka Kolombia, mtu aliyepita umri wa miaka arobaini, mcheshi na mwenye moyo mkunjufu. Sisi wengine tulikuwa vijana, kwa hiyo tulimwita Mzee, na jina hilo la Kiswahili likamkaa vema. Walikuwapo pia kijana wa Ghana, binti wa Indonesia, na dada mmoja mwalimu kutoka Tanga. Yeye na mimi ndio tuliosema Kiswahili, na kwa sababu hiyo tulikuwa kama watoto wa nyumba moja.

Mzee ndiye aliyetia sahihi hati ya kukodi gari, na jina lake peke yake ndilo lililoandikwa humo, kwa kuwa kuongeza dereva wa pili kulikuwa na gharama zaidi nasi tulikuwa tukihesabu kila senti. Sasa, katika Kolombia magari hupita mkono wa kulia. Katika Australia hupita mkono wa kushoto, kama hapa Kenya. Kwa hiyo kabla hatujaondoka tulifanya mapatano: mimi, niliyezoea kushoto tangu utoto, nikae mbele kando ya dereva, na kazi yangu iwe kumkumbusha. Nilikubali. Kumbukeni jambo hili, wasomaji wangu, maana habari yote imesimama juu yake.

Tuliondoka alfajiri. Tulipita mji wa Geelong, na yapata kilomita mia moja kutoka Melbourne tukafika Torquay, ambako barabara hiyo huanza. Urefu wake ni kilomita 243, na mahali pengi imechongwa katika ubavu wa mlima: mkono mmoja jabali, mkono wa pili bahari inayochemka chini.

Mbele kidogo, mahali paitwapo Eastern View, tulisimama chini ya tao kubwa la mbao lililojengwa juu ya barabara. Hapo pana sanamu ya wanaume wawili wenye vifaa vya kazi. Tulisoma maelezo yake, nami nikashangaa. Barabara ile ni kaburi la heshima. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, askari waliorudi makwao walikuwa wakitafuta kazi, na watu wa nchi ile walikuwa wakitafuta namna ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Basi mambo hayo mawili wakayafanya kuwa moja. Tangu mwaka 1919 hadi 1932, askari wapatao 3,000 waliirarua milima ile kwa sururu, sepeto, baruti na mikokoteni ya farasi, wakikaa katika mahema. Bwana Howard Hitchcock, aliyekuwa Meya wa Geelong, ndiye aliyeongoza shauri hilo na kutafuta fedha. Alifariki mwezi wa Agosti 1932, miezi michache kabla ya barabara kufunguliwa, na siku ya ufunguzi motakaa yake iliendeshwa nyuma ya ile ya Gavana ili kumheshimu.

Mimi nilimkumbuka baba wa babu yangu, aliyebeba mizigo katika vita hivyo hivyo, upande wetu wa Afrika ya Mashariki. Wapagazi waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu, na katika Nairobi jina lao limebaki katika mtaa wa Kariokor. Nikawaza kwamba askari wale wa Australia waliacha ukumbusho unaompeleka mtu safari yake, na kwamba yafaa kuupita kwa uangalifu, kama mtu apitaye makaburini. Mawazo mema! Lakini saa mbili baadaye karibu tuongeze makaburi mengine matano.

Tangu asubuhi nilikuwa nikifanya kazi yangu kwa bidii, pengine kwa bidii iliyozidi. Kila tulipotoka kituoni nilisema, "Mzee, kushoto." Katika njia panda nilisema tena, "Mzee, kushoto." Mara ya tatu au ya nne, Mzee alicheka akasema kwamba ameendesha gari miaka ishirini, na kwamba hakujua kuwa amekodi gari pamoja na mwalimu wa shule ya udereva. Gari zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, lakini uso wangu ulikuwa wa moto. Nilijiambia moyoni, "Huyu ni mtu mzima kuliko mimi. Ndiye aliyetia sahihi. Ndiye ashikaye usukani. Mimi ni nani?" Tangu hapo nikanyamaza, nikawa abiria kama abiria wengine.

Tulipita Lorne, tukafika Kennett River, ambako tuliwatazama koala, wale wanyama wadogo wa kijivu walalao mchana kutwa juu ya mikaratusi. Nilimwambia dada yangu wa Tanga kwamba mikaratusi tunayoiona Kenya ilitoka nchi hii, na kwamba mwanzoni mwa karne ya ishirini ilipandwa kwetu ili kupata kuni za injini za reli. Alicheka akasema, "Kumbe, kaka, tumesafiri mbali kote huku kuja kuwaamkia wazee wa miti yenu!"

Baada ya hapo tulisimama mahali pa kutazamia bahari. Tulipiga picha, tukala ndizi, tukarudi garini. Mzee akawasha moto, akatoka barabarani, nasi tukaendelea na mazungumzo.

Nitawaeleza nilichokiona. Katika safari ile ya kuelekea magharibi, mtu aketiye mbele upande wa kushoto huiona bahari karibu chini ya dirisha lake. Ndivyo nilivyoiona asubuhi nzima. Sasa nilipogeuza macho, nikaona kwamba kati yangu na bahari pana lami tupu, upana wa gari zima. Tulikuwa mkono wa kulia. Mzee alikuwa ametoka pale kituoni akashika upande aliouzoea tangu ujana wake.

Mtanisadiki nikisema kwamba niliona na sikusema? Naam, niliona. Pembeni mwa barabara ile pana mabao, na katika lami pana mishale, yote ya kuwakumbusha wageni kupita kushoto. Nikajiambia kwamba ataona mshale. Nikajiambia kwamba nikisema watacheka tena. Nikajiambia kwamba mbele hakuna gari. Mambo hayo yote niliyawaza katika muda wa pumzi tatu au nne, na gari lilikuwa likienda, na mbele yetu palikuwa na kona iliyofichwa na jabali.

Ndipo dada wa Tanga, aliyekuwa nyuma yangu akipekua picha katika simu yake, alipoinua kichwa. Hakufikiri kama mimi. Hakuuliza nani mkubwa na nani mdogo. Alipiga kelele kwa lugha aliyolelewa nayo: "Kushoto! Mzee, kushoto!"

Mzee hakukijua Kiswahili, lakini neno hilo moja alilisikia kwangu asubuhi kutwa. Alikata usukani kuelekea baharini, magurudumu yakalia, tukarudi upande wetu. Katika sekunde iyo hiyo basi kubwa la watalii likatokea konani, likatupita kwa honi ndefu ambayo hata leo nikiamka usiku naisikia. Upepo wake uliitikisa motakaa yetu kama debe.

Mbele kidogo palikuwa na nafasi pembeni mwa njia, ile ambayo magari ya mwendo mdogo huingia ili kuwapisha wengine. Mzee akaingia hapo, akazima moto. Hakuna aliyesema neno. Binti wa Indonesia alikuwa akilia kimya kimya. Mikono ya Mzee ilikuwa juu ya usukani ikitetemeka. Baada ya kitambo alinigeukia akaniuliza kwa upole, "Uliona?"

Ningeweza kusema sikuona, na hakuna ambaye angeweza kunisuta. Lakini shule ya misheni niliyosomea ilinifunza kwamba uwongo wa pili huzaliwa na woga wa kwanza. Nikajibu, "Niliona."

Alitikisa kichwa. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: kwamba asubuhi aliponicheka aliniziba kinywa, na kwa hiyo kosa lile lilikuwa la watu wawili, yeye na mimi. Aliwaomba wote radhi. Mimi pia niliomba radhi, lakini sauti ilikuwa haitoki vema.

Jioni tulifika Apollo Bay, mji mdogo wa wavuvi, tukanunua samaki na viazi vya kukaanga. Wenzetu walikwenda ufukoni. Dada wa Tanga na mimi tulibaki tumeketi katika benchi.

"Kaka," akasema, "uliona tangu lini?"

"Tangu tulipotoka pale pa kutazamia, dada."

"Na ukanyamaza."

"Niliona haya. Mzee ni mtu mzima, na asubuhi alikuwa amenicheka mbele yenu."

Alinitazama kwa muda. "Haya ni jambo jema, kaka. Kwetu Tanga asiye na haya hatumhesabu kuwa mtu. Lakini haya yako leo ilitaka kutuzika sote watano katika nchi ya watu."

Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Jumapili asubuhi tuliendelea kupitia msitu wa Otway, ambako barabara huiacha bahari na kuingia katika miti mirefu ajabu, kisha tukatokea tena pwani. Tuliiona ile miamba ya chokaa isimamayo majini, iitwayo Mitume Kumi na Wawili. Jina hilo lisikudanganye, maana miamba haikuwa kumi na miwili. Mwaka 2005 mmoja uliporomoka ikabaki minane, kwa kuwa bahari haiachi kuila pwani ile. Lakini mahali palipotushika moyo zaidi ni karibu na hapo, katika korongo liitwalo Loch Ard.

Loch Ard lilikuwa jina la merikebu ya matanga iliyotoka Uingereza mwezi wa Machi 1878 kwenda Melbourne, ikiwa na watu 54. Ilikuwa imekwisha maliza miezi mitatu baharini, na usiku wa mwisho abiria walifanya karamu ya kuaga safari. Alfajiri ya tarehe 1 Juni ukungu uliificha nchi kavu. Walipoiona pwani ilikuwa karibu mno, na merikebu ikapiga mwamba ikazama. Mwanagenzi mmoja wa baharia, jina lake Tom Pearce, alitupwa na mawimbi ndani ya korongo lile akafika mchangani. Alipokuwa hapo, nusu mfu kwa uchovu na baridi, alisikia sauti ya mtu majini. Alikuwa Eva Carmichael, msichana aliyekuwa akisafiri pamoja na jamaa zake, naye alikuwa ameelea kwa saa nyingi akishikilia vipande vya merikebu. Alimwona kijana ufukoni, akapiga kelele. Tom akarudi ndani ya maji yale yale yaliyotaka kumwua, akamvuta mpaka nchi kavu, akamlaza katika pango, kisha akapanda jabali kwenda kutafuta msaada. Watu 52 walipotea. Hao wawili peke yao ndio waliopona.

Tulishuka ngazi tukasimama katika mchanga ule. Kuta za korongo ni ndefu, na mawimbi huingia kwa kishindo kikubwa. Mzee alisimama muda mrefu akitazama mlango wa bahari. Kisha akasema, "Kama msichana yule angeona haya kupiga kelele, tungehesabu mtu mmoja tu." Nilijua kwamba hakuwa akisema habari za Eva peke yake.

Tulirudi Melbourne kwa njia ya bara, kupitia Colac. Lakini kabla ya kuondoka pale korongoni tulikuwa tumetunga sheria yetu. Kila mara Mzee alipowasha moto, hakuruhusiwa kukanyaga mafuta mpaka watu wote watano waseme kwa pamoja, kwa Kiswahili, "Kushoto!" Mghana alisema kwa sauti kuliko sote. Hapana aliyemcheka mwenzake. Tulifika salama saa tatu za usiku, na Mzee akarudisha ufunguo wa gari bila hata mkwaruzo mmoja.

Sasa mtauliza, habari ya motakaa ya wageni huko Australia yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Ni nani kati yetu ambaye hajaketi katika matatu usiku, dereva akilipita lori katika kona, abiria kumi na wanne wakitazama mbele na midomo imefungwa? Kila mmoja anajua. Kila mmoja anamngoja mwingine. Mmoja ajiambia kwamba dereva ni fundi, mwingine kwamba atatukanwa na utingo, mwingine kwamba karibu atashuka. Ndiyo yale yale niliyojiambia mimi.

Serikali imefanya yake. Mwaka 2004 sheria za Waziri John Michuki zilianza kutumika, zikaleta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Lakini hapana sheria iwezayo kuketi katika kila kiti. Watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walijaribu jambo jepesi hapa kwetu Kenya. Walibandika ndani ya matatu za safari ndefu makaratasi yenye maneno ya kuwahimiza abiria wamwambie dereva anapoendesha vibaya. Matatu nyingine hazikubandikwa kitu. Katika taarifa waliyoichapa mwaka 2011, walionyesha kwamba madai ya bima katika zile zilizobandikwa yalipungua kwa kiasi cha kati ya nusu na theluthi mbili. Baadaye kazi hiyo iliendelezwa kwa jina la "Zusha!" Tafakarini, wasomaji wangu: breki zilikuwa zile zile, na njia zile zile. Kilichoongezwa ni ruhusa ya kusema.

Nami nitaungama jambo la mwisho, nisije nikaonekana kuwa shujaa. Mwaka jana nilikuwa nikisafiri jioni kutoka Nairobi kwenda nyumbani. Dereva alianza kuyapita magari katika mteremko wenye ukungu. Moyo wangu uliniambia tena yale maneno ya zamani: wewe ni nani? Nikakumbuka lami tupu kati yangu na bahari. Nikasema, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, "Dereva, ndugu yangu, tafadhali punguza mwendo. Tuna watu wanaotungoja." Utingo alinijibu kwa ukali kwamba mwenye haraka ya kuogopa ashuke akatembee. Pakawa kimya, nami nikadhani mambo yamekwisha. Ndipo mama mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Huyo baba amesema kweli." Kisha mwingine, na mwingine. Dereva hakutujibu neno, lakini alirudi nyuma ya lori, akakaa hapo mpaka tulipofika tambarare.

Basi, kijana uliyeniandikia, hilo ndilo jibu langu. Heshima kwa mkubwa ni mali yetu, tusiitupe. Lakini kumheshimu dereva ni pamoja na kumtakia afike kwake akiwa hai, na anayenyamaza akiuona mwisho wa mwenzake unakuja hajamheshimu. Nawe ukiwa ndiwe ushikaye usukani, wa gari, wa ofisi au wa nyumba yako, usimcheke anayekukumbusha mara ya tatu. Huenda ya nne ndiyo utakayoihitaji.

Mzee amerudi kwao Kolombia. Kila mwaka mpya huniletea salamu, na barua yake daima huanza kwa neno moja la Kiswahili, lile alilolijua kwanza. Hahitaji kuandika jina lake chini.

Kwaherini kwa leo. Tukijaliwa, tutaonana tena juma lijalo.